Nitaitambuaje barua pepe ya kitapeli inayotaka kuniibia nenosiri, ikiwa haina kosa hata moja?

Katibu wa Kikundi aliuliza:

Wakuu, nawasalimu nyote. Ninasimamia anwani ya barua pepe ya kikundi chetu, ambayo viongozi kadhaa huitumia kupokea taarifa za michango, kumbukumbu za vikao na nyaraka za wanachama, na ninaomba msaada wenu katika jambo linalonikosesha raha. Wiki hii tumepokea ujumbe unaodai kutoka kwa mtoa huduma wetu wa barua pepe, wenye kichwa kisemacho "Nenosiri lako linaisha muda wake leo". Umeandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa la tahajia, una nembo tuliyoizoea, umetaja jina langu kamili, na chini yake kuna kitufe cha buluu chenye maneno "Endelea kutumia nenosiri lilelile". Unaonya kwamba tusipobofya ndani ya saa 24, barua zote zinazoingia zitazuiwa.

Sijabofya. Kinachonisumbua ni kwamba kila mwongozo niliousoma unaniambia nitafute makosa ya lugha, salamu za jumla kama "Mpendwa Mteja" na picha zilizofifia, nami sikuona hata kimojawapo. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba ujumbe huo ni halali, kwa sababu jina la mtumaji ni sahihi na ukurasa unaofunguka una alama ya kufuli. Mwingine anasema tuufute, yaishe. Mimi naona kuufuta hakutoshi, kwa sababu utakuja mwingine uliotengenezwa kwa ustadi zaidi. Je, ipo njia ya kuamua ambayo ninaweza kuwafundisha viongozi wenzangu wote, wakiwemo wale ambao kompyuta wanaitumia kwa shida?

Fundi wa Seva alijibu:

Ndugu Katibu, umefanya vyema kutobofya, na umefanya vyema zaidi kuuliza kabla ya kuufuta. Ushauri wa kutafuta makosa ya lugha ulikuwa na maana zamani, wakati ujumbe wa aina hii ulitafsiriwa ovyo na kumwagwa kwa mamilioni ya watu. Leo programu za akili bandia huandika Kiswahili safi kwa sekunde chache, nembo hunakiliwa kutoka tovuti halisi, na jina lako linaweza kupatikana katika orodha yoyote iliyowahi kuvuja. Kwa hiyo ujumbe wenye makosa unaweza kukutia shaka, lakini ujumbe usio na makosa haukuthibitishii chochote.

Nianze na jina la mtumaji, kwa kuwa ndilo lililomshawishi mwenzako. Jina linaloonekana juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, naye anaweza kuandika lolote alitakalo. Mfumo wa kusafirisha barua pepe ulioandikwa mwaka 1982 haukuwa na njia yoyote ya kuhakikisha kwamba mtumaji ndiye anayejidai kuwa. Baadaye ziliongezwa taratibu tatu za ukaguzi, ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa barua nyingi wazizingatie zote. Taratibu hizo zimesaidia sana kuzuia watu kughushi anwani za wengine. Hata hivyo, zinathibitisha tu kwamba barua imetoka katika kikoa kilichotajwa, yaani jina la mtandaoni kama lile linalofuata alama ya @ katika anwani ya barua pepe. Hazisemi kama mwenye kikoa hicho ni mwaminifu. Tapeli anayesajili kikoa chake mwenyewe hupita ukaguzi bila tatizo, na anayetumia akaunti aliyoiiba kwa rafiki yako hupita vilevile, kwa sababu barua hiyo kweli imetoka katika akaunti ya rafiki yako.

Kufuli nalo lisikudanganye. Lina maana kwamba mawasiliano kati ya kivinjari chako na tovuti ile yamefichwa yasisomwe njiani, basi. Vyeti vinavyoleta alama hiyo hutolewa bila malipo na kwa dakika chache, na matapeli huvichukua kama watu wengine. Google waliiondoa alama ya kufuli kwenye upau wa anwani wa Chrome mwaka 2023, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba watu wengi walidhani inathibitisha uaminifu wa tovuti.

Kinachobaki ni anwani ya tovuti yenyewe, na hapa naomba unisome taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa changa la macho. Maneno yaliyoandikwa juu ya kitufe hayana uhusiano wowote na mahali kitufe kinapokupeleka. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kitufe bila kubofya, na anwani halisi itajitokeza pembeni chini ya dirisha. Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachia mpaka anwani ionekane. Sasa usiisome kutoka kushoto kama unavyosoma sentensi. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti, yaani mkwaju mmoja, si ile miwili inayofuata https, kisha rudi kushoto. Sehemu mbili za kwanza utakazokutana nazo, zilizotenganishwa na nukta, ndizo zinazoonyesha mmiliki.

Nitatoa mifano kwa kutumia miisho ya .example na .test, ambayo tangu mwaka 1999 imetengwa rasmi kwa ajili ya mifano na majaribio, ili asiwepo msomaji atakayejikuta kwenye tovuti ya mtu. Tuseme mtoa huduma wako anamiliki posta.example. Anwani ingia.posta.example/akaunti ni yake, kwa sababu ukirudi kushoto kutoka kwenye mkwaju unakuta posta.example. Lakini posta.example.hakiki.test/akaunti si yake hata kidogo: ukirudi kushoto unakuta hakiki.test, na huyo ndiye mmiliki. Maneno "posta.example" yaliyotangulia ni pambo tu ambalo mwenye hakiki.test amejiwekea apendavyo. Vilevile posta-usalama.example si ya posta.example. Nukta ndiyo inayotenganisha, ilhali kistari ni herufi kama herufi nyingine, na yeyote anaweza kusajili jina lenye kistari alimradi halijachukuliwa. Angalizo moja: baadhi ya nchi hutumia mwisho wa sehemu mbili, kama co.uk, na hapo inabidi uhesabu sehemu moja zaidi kwenda kushoto ili umpate mmiliki.

Ukitazama ujumbe wako kwa njia hiyo, nadhani utapata jibu kabla hujafika kwenye nembo. Pia lile wazo la "endelea kutumia nenosiri lilelile" ni dalili nzito peke yake. Nenosiri lingekuwa kweli limefikia mwisho wake, ungetakiwa kuweka jipya. Anayekuomba uliandike lile la sasa ili uendelee nalo analitaka lile la sasa.

Mwalimu wa Zamu alijibu:

Nakubaliana na Fundi wa Seva kuhusu kusoma anwani, nami huwafundisha wanafunzi wangu vivyo hivyo, lakini napingana naye katika jambo moja la msingi. Tusimwachie mtu aliyechoka, anayesoma barua kwenye simu ndogo akiwa njiani, kazi ya kupambanua vikoa kwa macho. Kuna anwani ambazo hakuna jicho litakalozing'amua. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili kikoa kwa herufi za Kisirili, zile zinazotumika kuandika Kirusi, zinazofanana kabisa na herufi za Kilatini, na katika vivinjari vya Chrome na Firefox vya wakati huo kilionekana kama apple.com, herufi kwa herufi. Chrome walirekebisha kasoro hiyo, ila funzo limebaki.

Tena wanaonaswa si wajinga. Mnamo Machi 2025 Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mitandao aliyeanzisha mwaka 2013 tovuti ya Have I Been Pwned, inayowaonyesha watu kama taarifa zao zimevuja, alipokea barua iliyodai kwamba akaunti yake ya Mailchimp, huduma ya kutuma barua kwa watu wengi, imewekewa kizuizi. Kama alivyoeleza mwenyewe hadharani, alikuwa na uchovu wa safari ndefu ya ndege. Aliingiza nenosiri lake na namba ya uthibitisho kwenye tovuti ya kughushi, na orodha yenye anwani zipatazo 16,000 za waliojiandikisha kupokea makala zake ikachukuliwa papo hapo. Kikoa cha tovuti ile kilikuwa mailchimp-sso.com, yaani kile kistari alichokieleza Fundi. Katika maelezo yake kuna jambo ninalotamani kila mtu alishike: programu yake ya kutunza manenosiri ilikataa kujaza fomu ile, kwa kuwa haikukitambua kikoa, naye akaijaza kwa mkono.

Ndiyo maana nashauri, Ndugu Katibu, kwamba viongozi wako wote waanze kutumia programu ya kutunza manenosiri, iwe ile iliyomo ndani ya kivinjari au ya kusimama peke yake. Programu hiyo hailinganishi nembo wala rangi. Inalinganisha kikoa, na haichoki. Waambie kwamba siku programu iliyozoea kujaza nenosiri yenyewe inapokaa kimya, wasinakili na kubandika, bali waache kila kitu na kuuliza. Wakati mwingine kimya hicho kina sababu ya kawaida, kwa mfano kampuni kubadilisha kikoa chake cha kuingilia, lakini simu moja ya kuuliza ni gharama ndogo sana.

Na kwa wale ambao hata programu hiyo itawashinda, kanuni ni moja tu: barua pepe isikupeleke kwenye ukurasa wa kuingilia. Ikikwambia kuna tatizo kwenye akaunti, ifunge, fungua kivinjari, andika anwani unayoijua au tumia alamisho uliyoihifadhi mwenyewe, uingie kwa mlango wako. Tatizo likiwa la kweli utalikuta huko huko. Kanuni hii haikulazimishi kuamua kama ujumbe ni halali au la, na kwa watu wasiopenda kompyuta huo ni mzigo mkubwa ulioondolewa mabegani.

Fundi wa Seva aliongeza:

Mwalimu amenizidi kwa hoja, na ninaunga mkono kanuni yake kwa mfano unaojulikana. Machi 2016 John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton nchini Marekani, alitumiwa ujumbe uliojifanya kutoka Google. Ulidai kuwa kuna mtu amelipata nenosiri lake, ukamtaka alibadilishe mara moja, na kitufe chake kilificha anwani halisi nyuma ya kiungo kilichofupishwa. Wasaidizi wake hawakukurupuka. Walimwuliza mtaalamu wa kompyuta wa kampeni. Akawajibu kwamba barua hiyo ni halali, ingawa baadaye alisema alikusudia kuandika kinyume chake. Pamoja na jibu hilo aliwapa anwani sahihi ya Google ya kubadilishia nenosiri. Kilichobofywa, hata hivyo, ni kitufe kilichokuwa ndani ya ujumbe wa matapeli. Barua za Podesta zilianza kuchapishwa na WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, Oktoba mwaka huohuo, na waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki maofisa wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kwa wizi huo. Hata baada ya mtaalamu kukosea, wangalipita kwenye anwani aliyowaandikia, akaunti ingesalimika.

Katibu wa Kikundi aliuliza tena:

Nawashukuru sana. Nimeweka kishale juu ya kitufe kama mlivyonielekeza, na kikoa kilichojitokeza hakina uhusiano wowote na mtoa huduma wetu, licha ya kwamba jina lake limetangulizwa mwanzoni mwa anwani. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, akaunti yetu inatumia namba za uthibitisho zinazoletwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Je, hizo hazitulindi hata nenosiri likiibwa? Pili, nimegundua leo kwamba mmoja wa viongozi alikwisha kuandika nenosiri kwenye ukurasa ule kabla sijawatahadharisha. Amesikitika mno, nami sitaki kumlaumu. Tufanye nini?

Mlinzi wa Lango alijibu:

Nianze na swali la pili, maana hilo halingoji. Fanyeni yafuatayo leo, kwa kutumia kifaa mnachokiamini, na kwa kuingia kupitia anwani mnayoijua wenyewe. Badilisheni nenosiri, kisha tafuteni katika mipangilio ya usalama sehemu inayoonyesha vifaa vilivyoingia katika akaunti, muviondoe vyote, kwa kuwa katika huduma nyingine mtu aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata baada ya nenosiri kubadilika. Halafu, na hili husahaulika mara nyingi mno, fungueni mipangilio ya barua zenyewe mkague kama kuna kanuni mpya ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine, au kichujio kinachohamisha au kufuta barua zenye maneno kama "malipo" na "benki". Mwizi akiweka kanuni kama hiyo ataendelea kusoma barua zenu bila kuhitaji nenosiri tena, nanyi hamtaona dalili yoyote kwenye kikasha. Kagueni pia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, pamoja na orodha ya programu za nje zilizopewa ruhusa. Ikiwa nenosiri lile lilitumika mahali pengine popote, libadilisheni huko pia. Mwisho, waandikieni wanachama wenu mapema kwamba wasitekeleze maelekezo yoyote ya kutuma fedha yaliyotoka katika anwani hiyo mpaka wayathibitishe kwa simu.

Huyo kiongozi aliyesema ukweli mshukuruni mbele ya wenzake. Ninaisema kauli hii kwa uzito wote: mahali ambapo anayenaswa anafokewa, atakayenaswa baadaye atanyamaza, na saa za mwanzo ndizo mwizi anazozitumia.

Sasa namba za uthibitisho. Zinasaidia, wala msiziondoe, kwani zinamzuia mtu aliyepata nenosiri lenu katika orodha iliyovuja. Haziwalindi dhidi ya ukurasa wa kughushi unaofanya kazi moja kwa moja. Kinachotokea ni hiki: mnapoandika nenosiri kwenye ukurasa wa tapeli, seva yake inalipeleka papo hapo kwenye tovuti halisi, tovuti halisi inawatumia namba kwenye simu, nanyi, mkiona namba imefika kutoka kwa mtoa huduma wa kweli, mnazidi kuamini na kuiandika kwenye ukurasa uleule. Naye anaipeleka mbele kabla haijaisha muda wake. Hivyo ndivyo Troy Hunt alivyonaswa, na namba zinazozalishwa na programu ya simu zinapitiwa kwa njia hiyohiyo.

Kinga ya kweli hapa ni ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta au kugusishwa kwenye simu, au ufunguo wa siri (passkey) unaohifadhiwa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Funguo hizi hufungamanishwa na kikoa zilikosajiliwa. Ukiwa kwenye tovuti ya kughushi, hata ikifanana na halisi kama shilingi kwa ya pili, kivinjari hakitatoa jibu litakalokubalika kwenye tovuti halisi, na hakuna namba ya wewe kuisoma wala kuiandika. Mwaka 2018 Google walisema kwamba tangu walipowataka wafanyakazi wao, zaidi ya 85,000, watumie funguo hizo mwanzoni mwa 2017, hapakuwa na akaunti ya kazi ya hata mmoja wao iliyothibitika kuibwa kwa njia hii. Julai 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, waliandika manenosiri yao kwenye ukurasa wa kughushi uliotumwa kwa ujumbe mfupi, na matapeli hawakuweza kuingia kwa sababu kampuni hiyo ilihitaji ufunguo wa kifaa. Kampuni ya mawasiliano ya Twilio, walioshambuliwa katika majira hayohayo kwa mbinu inayofanana nayo, waliingiliwa.

Kwa akaunti inayotumiwa na watu kadhaa, kila kiongozi apewe njia yake ya kuingia ikiwa mtoa huduma wenu anaruhusu, badala ya nenosiri moja linalopitishwa mkono kwa mkono. Sajilini funguo mbili, moja ya akiba ihifadhiwe mahali salama, ili kupotea kwa moja kusiwafungie nje.

Mwalimu wa Zamu aliongeza:

Kuhusu ile orodha ya programu za nje aliyoitaja Mlinzi wa Lango, naomba msiipite haraka. Mei 2017 ulienea ujumbe uliowaalika watu kufungua waraka wa Google Docs. Kiungo chake kiliwapeleka kwenye ukurasa halisi wa Google, anwani ikiwa sahihi kabisa, na hapo wakaombwa kuiruhusu programu iliyojiita "Google Docs" isome na kusimamia barua zao. Hakuna nenosiri lililoombwa. Aliyebofya "Ruhusu" aliikabidhi akaunti yake, na ujumbe ukajituma kwa watu waliokuwa katika orodha yake ya anwani. Google waliuzima ndani ya saa moja hivi. Kwa ujumbe wa namna hii kusoma kikoa hakusaidii, na kubadilisha nenosiri peke yake si tiba ya kutegemea. Lazima uifute ruhusa yenyewe. Kwa hiyo wafundishe wenzako kusoma kile wanachoombwa kuruhusu, na kujiuliza kwa nini waraka uhitaji kusoma barua zao.

Viambatisho vinavyofungua ukurasa wa kuingilia ndani ya kivinjari, pamoja na misimbo ya mraba ya kupigwa picha kwa simu, vichukulieni sawasawa na kile kitufe cha buluu. Ujumbe mliopokea uripotini kwa kitufe cha kuripoti ulaghai kilichomo kwenye huduma yenu ya barua pepe kabla ya kuufuta, ili vichujio vyao viutambue unapopelekwa kwa wengine.